Wageni wa Ghorofa ya Juu

Kabla hatujamleta mgeni, twendeni kwanza tukawaamkie wenyeji.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 120 na linachukua maji lita 240. Liko sebuleni, mbali na dirisha ili jua lisilipige. Ukilitazama kutoka mlangoni utasema ni maji, mchanga na mawe basi. Sasa chuchumaa, sogeza uso karibu na kioo, unyamaze kidogo. Utaona kwamba ni jengo la ghorofa tatu, na mbili za chini zina wenyewe.

Chini kabisa, mchangani, kuna maganda matupu ya konokono. Tazama lile la kushoto: kuna kichwa kinachungulia. Huyo tumemwita Bi Ganda. Urefu wake hauzidi kidole chako cha mwisho, lakini ukoo wake ni mmoja na sato na perege unaowajua mezani, na mmoja pia na kuhe, lile jitu la Ziwa Tanganyika linalopita nusu mita. Wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus. Kwao ni kusini mwa Ziwa Tanganyika, na huko nyumba yake huwa ganda lililoachwa na konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, asiyepatikana katika ziwa jingine lolote duniani.

Mwangalie anavyofanya kazi. Anachota mchanga kwa mdomo, anajongea pembeni, anautema. Anarudi, anachota tena. Atafanya hivyo mpaka ganda lizame mchangani na mlango tu ubaki wazi. Apite samaki mara tatu ya ukubwa wake karibu na mlango huo, Bi Ganda atamtokea mbiombio, mapezi yamesimama, mpaka yule mkubwa aondoke zake.

Ghorofa ya pili ni mawe. Hapo wanaishi Bwana na Bibi Mwamba, samaki wa aina ya Julidochromis ornatus, wembamba, wa manjano, wenye mistari mitatu myeusi kutoka kichwani hadi mkiani. Hawa hawapendi kuacha jiwe. Wakipita chini ya jiwe lililoinama, wanageuka tumbo juu ili tumbo lielekee jiwe. Ufa wao mmoja ndio chumba chao cha kulala, na mayai huyabandika humo humo, kwenye dari.

Na ghorofa ya tatu, yale maji yaliyo wazi juu ya mawe?

“Mjomba, huko juu mbona hakuna mtu?” aliuliza mpwa wangu siku moja, pua yake ikiwa imegusa kioo.

Hilo ndilo swali la kwanza la anayetaka kuongeza samaki. Watu wengi wakiingia dukani huuliza, “Yupi mzuri?” Wangeanza kwa kuuliza, “Atakaa wapi?” Samaki wengi wa ukoo huu hulinda mahali. Ukimtia Bi Ganda mwingine mkubwa kwenye mchanga ambao una wenyewe, hatapata ganda, na asiye na ganda hana pa kukimbilia. Atafukuzwa asubuhi, mchana na jioni. Ziwani angeogelea akaenda zake. Kwenye tangi kuna vioo vinne, na mbio zote zinaishia pale pale zilipoanzia.

Basi tukatafuta mgeni wa ghorofa ya juu. Ziwa Tanganyika lenyewe linaye: Cyprichromis leptosoma, samaki mwembamba wa makundi, anayeogelea kwenye maji ya wazi kando ya miteremko ya mawe, akila vijidudu vinavyoelea. Hataki ganda wala hataki ufa. Tena hanunuliwi mmoja. Akiwa peke yake anajificha pembeni kwa hofu, lakini wakiwa kundi kila mmoja hupata ujasiri kwa kuwaona wenzake. Tukaamua kuchukua wanane, wachanga bado.

Sasa dukani. Muuzaji anawatia kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na hewa nyingi, anafunga, anauzungushia gazeti. Gazeti lina maana: gizani samaki hutulia, na samaki aliyetulia hutumia oksijeni kidogo kuliko anayehangaika.

Mpwa wangu aliubeba mfuko kwa mikono miwili kutoka mlangoni. “Mjomba, niwamwage?”

“Ngoja kwanza, mama. Gusa mfuko. Sasa gusa kioo.”

Mfuko ulikuwa wa baridi. Samaki hana joto lake mwenyewe kama mimi na wewe; joto la mwili wake ni joto la maji aliyomo. Ukimtoa kwenye maji ya nyuzi 21 ukamtumbukiza kwenye maji ya nyuzi 26, mwili wake wote, moyo na mashavu ya kupumulia, unabadilishiwa mwendo kwa mara moja. Kwa hiyo mfuko unaachwa uelee juu ya maji ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20, mpaka joto la ndani na la nje lilingane. Taa iwe imezimwa.

Joto ndilo jambo jepesi. Kuna jingine lisiloonekana wala kushikika, nalo ni aina ya maji. Maji yana kipimo kiitwacho pH. Saba ni katikati. Chini ya saba maji yanaelekea kwenye uchachu kama wa ndimu. Juu ya saba yanaelekea upande wa magadi. Ziwa Tanganyika liko upande wa magadi, karibu na 9. Samaki wake wamezoea hivyo, na tangi letu limetengenezwa lifanane na ziwa. Lakini duka huenda linatumia maji ya bomba yenye kipimo kingine kabisa. Ndiyo maana muuzaji huulizwa: “Maji yako yana pH ngapi, na joto ngapi?” Muuzaji anayeijua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Safari ikiwa fupi, fungua mfuko, kunja ukingo wake ili uendelee kuelea, kisha tia kikombe kidogo cha maji ya tangi. Subiri dakika tano. Tia kingine. Endelea hivyo nusu saa au zaidi, mpaka maji ya mfukoni yawe yamechanganyika vizuri na maji mapya.

Safari ikiwa ndefu, ya kutwa nzima au ya ndege, mambo yanageuka, na hapa hata watu wazima hukosea. Sikilizeni vizuri.

Samaki anapopumua hutoa vitu viwili kwenye maji: hewa ukaa na amonia. Amonia ni sumu. Mfuko uliofungwa ukijaa hewa ukaa, pH inashuka, na pH ikiwa chini amonia inakuwa katika umbo ambalo halimdhuru sana samaki. Kwenye pH 7, katika kila chembe 1,000 za amonia ni kama sita tu zilizo katika umbo la sumu kali. Kwenye pH 9, chembe hizo zinafika kama 360. Sasa fikiria: unafungua mfuko, hewa ukaa inatoka, unaongeza maji ya Tanganyika yenye pH ya juu, na samaki wamo humo humo na uchafu wao wa kutwa. Sumu iliyokuwa imelala inaamka. Kwa hao wa safari ndefu, andaa mapema maji yanayokaribia ya mfukoni, linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha ukifungua usichelewe: watoe uwahamishie humo, nawe uibadilishe pH polepole siku zinazofuata.

Katika safari zote mbili, samaki wanavuliwa kwa wavu mdogo laini, na maji ya mfukoni yanamwagwa nje. Kamwe yasiingie tangini, maana hujui yamebeba nini.

“Kwa hiyo sasa wanaingia?” mpwa wangu aliuliza, tayari ameshika wavu.

“Wanaingia chumba cha wageni.”

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye tangi methali hiyo ni ya kweli kwa sharti moja: mgeni mwenyewe awe mzima. Kuna kijidudu kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Jina lake ni refu kumshinda mwenyewe, kwa hiyo wafugaji hutaja tu ugonjwa wa madoa meupe. Kinaingia chini ya ngozi ya samaki na kunenepa humo, nawe unaona vidoa mfano wa punje za chumvi. Kikishiba kinadondoka, kinajibandika kwenye mchanga au jiwe, kinajifunika, na ndani ya kifuniko kinagawanyika mara nyingi: kutoka kimoja wanaweza kutoka mamia, hata elfu moja. Hao wanaogelea kumtafuta samaki, na wasipompata katika siku mbili hivi wanakufa. Dawa huwaua wakiwa wanaogelea tu; waliomo ngozini na waliojifunika haziwafikii. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko mzima huisha kwa siku chache. Samaki anayeonekana safi leo dukani anaweza kuwa na madoa wiki ijayo.

Kwa hiyo wageni hukaa karantini wiki nne. Tangi lenyewe si la fahari: kioo cha lita 80, hita, kipimajoto, pampu ya hewa, vipande vya bomba vya kujifichia, na mfuniko. Mchanga hauwekwi, ili uchafu uonekane na ufyonzwe kwa urahisi. Ugonjwa ukitokea, unatibu lita 80 badala ya 240, na Bi Ganda hana habari.

Kitu kimoja katika karantini ni cha thamani kuliko vyote, na ukikiona utadhani ni takataka: kipande cha sponji cheusi, chenye utelezi. Wiki kadhaa kabla ya wageni kufika, sponji hiyo inawekwa ndani ya chujio la tangi kubwa. Utelezi ule ni bakteria. Kundi moja lao hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi mpaka siku ya kubadilisha maji. Tangi jipya lisilo na bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuwapata wa kutosha. Ndiyo maana mtu akinunua tangi Jumamosi na samaki Jumamosi hiyo hiyo, wiki inayofuata analia.

Mpwa wangu alikunja uso. “Lakini tangi letu ni la zamani, Mjomba. Bakteria wamejaa.”

“Wamejaa kiasi gani?”

“Wengi.”

“Wako kwa kiasi cha chakula walichozoea. Amonia ya Bi Ganda na wenzake ndiyo inayowalisha. Wakiingia wanane wapya kwa mpigo, amonia inapanda usiku ule ule, na bakteria wanahitaji siku kadhaa kuongezeka. Katika siku hizo, kwenye pH ya Tanganyika, samaki wanaungua mashavu.”

Dawa yake ni ile sponji. Wiki nne za karantini bakteria wake wamekuwa wakilishwa na wageni hao hao wanane. Wageni wakiwa wazima na hawakutiwa dawa, siku ya kuhama sponji inahama nao, inabanwa karibu na chujio la tangi kubwa, na kazi inaendelea bila pengo.

Wiki ya mwisho ya karantini tulikuwa tunachota maji ya tangi kubwa na kuyatia kwenye tangi dogo, kidogo kidogo. Wageni wakaanza kuishi kwenye maji ya wenyeji kabla hawajawaona wenyeji.

Kisha ikaja jioni yenyewe, na mpwa wangu alikuja na habari kutoka shuleni. Rafiki yake ana mjomba anayefuga samaki pia, na kila akileta mgeni hupangua mawe yote tangini. “Anasema wenyeji wanapotea, hawajui tena kwao ni wapi, kwa hiyo hawapigani.”

Mjomba yule hakukosea. Kama anafuga mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa buluu na manjano wanaogombania mawe kutwa, kupangua mawe kunawafanya wote kuwa wageni kwa siku ile, na mgeni wa kweli anapata nafasi ya kuchukua kona kabla ugomvi haujaanza. Lakini tangi letu lina Bwana na Bibi Mwamba. Hawa ndoa yao imefungwa kwenye ule ufa. Wafugaji wa Julidochromis wanalijua hili: ukisogeza jiwe lao, wanaweza wasielewane tena, waanze kupigana wao kwa wao, na aliye dhaifu akafa. Hivyo hatukugusa jiwe hata moja. Dawa ya tangi moja inaweza kuwa balaa la jingine, kwa hiyo ujue kwanza unafuga nani.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza tuliwalisha wenyeji, maana aliyeshiba hana haraka ya kugombana. Kisha tukazima taa ya tangi na kupunguza ya sebuleni. Mpwa wangu akakagua mfuniko pembe zote, akaziba nafasi iliyokuwa karibu na waya wa hita. Cyprichromis akishtuka huruka, na penye upenyo wa vidole viwili atapita, asubuhi umkute sakafuni amekauka. Ndipo tukawahamisha wanane wote pamoja, kwa jagi lililozamishwa majini, ili yule wa kwanza asiingie kuwa shabaha ya peke yake.

Usiku ule hakukuwa na cha kutazama. Walijikusanya pembeni juu, rangi zimepauka, wanapumua haraka. Hiyo ni kawaida ya siku ya kwanza, na kazi ya binadamu hapo ni kukaa mbali. Kugonga kioo ni marufuku. Kwetu ni mlio mdogo. Kwao ni kishindo kinachopita kwenye maji na mwilini mwao.

Asubuhi taa ilibaki imezimwa, mwanga wa chumba ukatosha. Chakula kilikuwa uduvi mdogo sana, kiasi cha kumalizwa kwa dakika moja. Ambaye hakula hakulazimishwa. Chakula kinachobaki kinaoza, na kuoza kunazaa amonia. Kila siku ya wiki ya kwanza tulipima amonia na nitriti, na zote mbili zinatakiwa zisome sifuri. Zikipanda, badilisha robo ya maji kwa maji ya joto lile lile na pH ile ile, yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Usioshe chujio wiki hiyo, hata likionekana chafu.

Nawe ukiwa mlinzi, tazama dalili. Anayehema juu kabisa ya maji anakosa hewa au amepata sumu. Anayejikwaruza kwenye mawe anawashwa na kitu ngozini. Aliyebana mapezi na kujitenga na kundi anaumwa au anaonewa. Bi Ganda kumfukuza mtu nusu mita na kurudi ni ulinzi wa mlango. Samaki mmoja kumfuata mwingine mpaka upande wa pili wa tangi, tena na tena, ni vita. Hapo mmoja atolewe.

Utajuaje kwamba wageni wamekuwa wenyeji? Rangi itakwambia. Dume mmoja atasimamisha mapezi, rangi yake itakolea, na atachagua sehemu ya maji matupu na kuilinda. Haina jiwe wala ganda, lakini madume wengine wataheshimu mipaka yake ambayo wewe huioni. Siku moja jike atataga hapo, katikati ya maji, na kabla yai halijazama atalidaka kwa mdomo. Atakaa na mayai yake kinywani kama wiki tatu, mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe.

Wageni walipokwisha kuzoea, mpwa wangu aliniita dukani mbele ya tangi moja. Ndani yake alikuwapo mtoto wa Cyphotilapia frontosa, mweupe mwenye milia myeusi, na kinundu kidogo kinaanza kuota kwenye paji. “Mjomba, huyu naye ni wa Tanganyika. Maji yetu anayaweza.”

“Anayaweza. Akikua atafika ngapi?”

Alimuuliza muuzaji. Sentimita 30 na zaidi.

“Na ziwani anakula nini?”

Muuzaji akacheka, akamweleza: hula samaki, na miongoni mwa anaowavizia wakiwa wamepumzika gizani ni Cyprichromis.

Mpwa wangu alimtazama yule mtoto mwenye milia, kisha akarudisha pesa mfukoni. Tulipofika nyumbani alichukua karatasi akaandika maswali, akayabandika ubavuni mwa tangi. Nanyi mnaweza kuyanakili. Atakaa wapi? Ametoka maji gani? Akikua atakuwa mkubwa kiasi gani? Atamla nani, na nani atamla? Chumba chake cha karantini kiko tayari? Ukikosa jibu la swali hata moja, mwache dukani.